Damu kwa Jina la Kaka

Kasingirima, Ujiji
25 Novemba 2024

Shemeji Feliksi,

Desturi inanitaka nianze kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlioko dagoni, kwenye kambi yenu ya uvuvi. Leo nisamehe. Hofu yote iko humu ndani mwangu, imelala kwenye kitanda alichokichonga mwenyewe, na jina lake ni kaka yako Leodgar.

Ulipokuja kwenye mbalamwezi, siku zenu za kutovua, ulimkuta barazani amenyoa ndevu, anakutania kwamba wavuvi wa dagaa mnanenepa kwa uvivu kila mwezi unapong'aa. Alijikaza kwa ajili yako. Boti yako haijafika hata Ilagala, yeye alikwisharudi kulala, na tangu hapo hajatoka. Fundi aliyekuwa akibeba mbao za mtumbwi begani peke yake, leo suruali anaifunga kwa kamba, na chooni nampeleka mimi. Juzi alikohoa akaficha kitambaa chini ya godoro. Nilikitoa. Kilikuwa na damu.

Dawa anameza, hilo usilitilie shaka. Mimi ndiye msaidizi wake wa dawa. Kila asubuhi namtolea vidonge, nasimama mpaka nione koo limeshuka, kisha namwambia afungue mdomo nihakikishe. Watoto wanacheka. Miezi miwili imekwisha hivyo. Mama Shadia wa jirani, aliyeugua kifua mwaka juzi, ananiambia mwezi wa kwanza tu alianza kula ugali wa watu wawili. Kaka yako hafikishi kijiko cha nne cha uji.

Ndiyo maana nakuuliza wewe. Septemba, alipoambiwa makohozi yake yana kifua kikuu, mimi nilikuwa Simbo kwenye msiba wa mama mdogo, na wewe ndiye uliyempeleka kliniki kuandikishwa. Wewe ndiye unayemchukulia dawa kila mbalamwezi. Walisema nini siku ile? Kuna dawa waliyosema aongezewe? Kuna kipimo kilichorukwa? Nilimwambia nitakwenda mwenyewe kumwona nesi, akanifokea. Mtu asiye na pumzi ya kuzima kibatari alipata pumzi ya kunifokea mpaka majirani wakasikia. Eti mambo ya kliniki ni yake na mdogo wake, mimi nisitie pua.

Nakuandikia barua kwa sababu simu anailalia, na kila ujumbe anausoma. Na huko kwenu najua mtandao uko juu ya kilima, mnapanga foleni kupiga simu na watu wote wanasikiliza. Barua hii anakuletea nahodha Pastory. Nimeibandika kwa ugali, ukiona imefunguliwa ujue ni yeye.

Nijibu upesi. Sitaki kuwa mjane, Feliksi. Naliandika hivyo hivyo lilivyo.

Shemeji yako,
Regina


Dago la Rubengo
4 Desemba 2024

Shemeji Regina, muramu wangu nisiye na mwingine,

Pastory kanipa barua yako nikiwa natandaza dagaa na mke wangu Kaneza, nikaenda kuisomea nyuma ya vichanja vya kuanikia. Ilikuwa haijafunguliwa. Ugali wako unashika kuliko gundi ya dukani.

Kwanza pole. Pili, punguza mawazo. Kifua kikuu ni ugonjwa mkaidi, na dawa zake ni miezi sita, haziendi kwa haraka zako za kuuza mawese. Novemba makohozi yamepimwa tena, na nimeona kwa macho yangu nesi akiandika kwenye kadi kwamba ni safi. Safi kabisa, shemeji. Sasa makohozi safi yanatoka kwa mtu anayekufa? Hiyo damu ni koo limechubuka. Mtu kavuta vumbi la mbao miaka ishirini, unategemea nini? Na huko kukonda ni dawa zinapigana na ugonjwa ndani yake. Zikishinda atanenepa mpaka umkimbie.

Nakuomba jambo moja tu. Usiende kliniki. Si kwamba kuna kitu. Ni kwamba siku hizi pale mgonjwa ana faili moja na nesi mmoja, na watu wakianza kwenda kuulizauliza mambo yatavurugika. Niachie mimi, nimeshawazoea na wao wamenizoea.

Nimemtumia kaka migebuka sita, nimeikausha mwenyewe. Mchemshie na nyanya, weka mawese kidogo, mwambie nimesema ale kichwa na mkia.

Kaneza anakusalimu sana. Tumbo limeanza kuonekana, na analitembeza hapa mwaloni, boti zinapotia nanga, utadhani yeye ndiye wa kwanza duniani kushika mimba. Baba mkwe kamletea mbuzi kutoka juu kijijini. Tunamshukuru Mungu.

Mwambie kaka nampenda. Usimwambie kwamba nimeandika hivyo, atanicheka.

Mimi shemeji yako,
Feliksi


Kasingirima
18 Desemba 2024

Feliksi,

Mbalamwezi imekuja, na wewe umekuja nayo, lakini nyumbani hukuingia. Dawa za kaka yako umeziacha dukani kwa Martini ukasema una haraka ya boti. Kaka yako alikuwa amejilazimisha kukaa, amevaa shati lile la bluu, anakungoja. Alikungoja mpaka adhana ya jioni ndipo akaniambia nimvue.

Kesho yake nilikwenda kliniki. Ndiyo, nilikwenda. Nilimwambia naenda sokoni.

Nesi anaitwa Sista Esther. Niliposema mimi ni mke wa Leodgar, alisimama akanishika mikono yote miwili. "Hatimaye! Nimemwambia mumeo mara tatu akulete. Kila siku anasema utakuja." Akanisifia mume. Eti anachekesha. Eti anafanya kazi dagoni lakini hakosi tarehe hata moja. Eti ameongezeka kilo tatu. Mimi nimekaa pale, Feliksi, na kitambaa cha damu nimekikunja kwenye mkoba ili nimwonyeshe. Akaendelea, "Yule alikatwa na nini kile kidole? Siku ya kwanza nilitaka kumtoboa cha kati, nikakuta hakina ncha."

Leodgar ana vidole kumi. Mwenye kidole kisicho na ncha namjua, kilikwenda na kamba ya nanga, na mimi ndiye niliyekifunga siku ile.

Ilinipasa niseme hapo hapo. Sikusema. Niliona watatunyang'anya dawa, niliona polisi, niliona kaka yako akitolewa kitandani mbele ya watu. Sista akaniuliza kama niko tayari kupima virusi vya UKIMWI, akasema ni hiari yangu. Nikatoa kidole kwa sababu nilitaka kufanya kitu chochote kisichokuwa kusema. Tukasubiri. Sina. Akafurahi, akasema nirudi baada ya miezi mitatu kurudia, kwa vile ninaishi na mume. Hapo akanyamaza, akaona amekwenda mbali.

Mimi darasa la saba, lakini mjinga siyo. Mke hatafutwi mara tatu kama damu ya mumewe ni safi.

Nilirudi nikamkalisha kaka yako. Alilia kabla sijamaliza. Akanieleza ule mwaka aliokwenda Kirando kuunda boti, na mwanamke aliyekuwa naye kule, na jinsi alivyosikia baadaye kwamba yule mama alikufa anakohoa, amebaki mifupa. Miaka minane amekaa na hilo kifuani. Akasema alikutuma wewe utoe damu kwa jina lake, na wewe ulitoka ukamwambia, "Kaka, safi."

Mwanamke wa Kirando nitamlilia siku nyingine, sasa sina nafasi. Nataka unijibu hili moja. Kama damu iliyopimwa ni safi, kwa nini mimi natafutwa? Na kama si safi, Feliksi, damu ile ilikuwa ya nani?

Regina


Rubengo
27 Desemba 2024

Shemeji,

Ni yangu.

Nimeharibu karatasi tatu kutafuta namna nyingine ya kuanza. Hakuna.

Nakueleza yote. Kaka alikuwa amesikia kwamba ukikutwa na kifua kikuu unaandikiwa karatasi uende jengo la pili kupima virusi. Watu wengi walikuwa wanaiwashia moto ile karatasi, na yeye alikuwa ameshapanga ya kwake ipotelee njiani. Tulipofika getini, mgonjwa mmoja aliyekuwa anatoka akatuambia siku hizi hakuna jengo la pili. Kifua, virusi, ushauri, dawa, vyote chumba kimoja, nesi mmoja, siku hiyo hiyo. Kaka aliketi chini ukutani akasema, "Feliksi, mimi humo siingii. Wakiniambia ninacho, nitakufa kabla sijafika nyumbani. Na nisipopima hawatanipa dawa za kifua." Akanitazama. Sura zetu unazijua, hata marehemu mama alikuwa anatuita kwa kubahatisha. Na mlangoni kila mgonjwa wa kifua anagawiwa barakoa. Nikaivaa, nikachukua kadi yake, nikaingia.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Sista Esther aliniambia wazi, "Kupima ni hiari yako, baba. Ukikataa, dawa za kifua utapewa vile vile." Shemeji, uongo wetu wote haukuwa na kazi. Ningesema sipimi, nikachukua vidonge, tukaenda zetu nyumbani. Lakini mimi nilikuwa na uhakika na damu yangu. Mtu sijawahi kuugua hata malaria ya kulala. Nikaona heri nimtolee kaka jibu safi, aache kuogopa, alale. Nikatoa kidole nikiwa nacheka.

Aliponisomea majibu aliniita Leodgar. "Leodgar, jibu lako linaonyesha una maambukizi." Nilitaka kumwambia huyo Leodgar yuko nje. Akanishika bega, akaongea maneno mazuri sana, na yote nilikuwa nayasikia kwa mbali. Nilipotoka, kaka alinyanyuka ukutani kwa tabu, macho yamemtoka. Nikasema, "Kaka, safi." Alinikumbatia. Ningefanyaje, Regina? Ningemwambia nini mtu anayenikumbatia vile?

Oktoba nikaongezewa kopo la dawa za virusi. Tangu hapo vidonge vya kifua navileta kwako, kopo nakuja nalo huku, nalificha kwenye gunia la nyavu chakavu. Nameza kila siku. Novemba wakataka makohozi, nikajikohoza nikawapa ya kwangu. Ndiyo yale safi niliyokuandikia. Siku ile sikufikiri. Nilitaka tu niitikie jina, nichukue dawa, nitoke.

Dagoni hakuna anayejua. Kaneza hajui. Alipopimwa kliniki ya wajawazito alikuwa salama, na tangu Septemba namkwepa kwa visingizio, mara mgongo, mara nimechoka na giza la uvuvi. Ananiangalia tu. Wazee wake wakijua watamchukua. Baba yake ni mkimbizi wa zamani kutoka Burundi, alikuja na watoto wanne, akazika wawili kambini. Hataniachia wa tatu.

Na nikisema kliniki, faili ni la kaka. Watanifutia dawa zangu na zake pamoja, na huenda tukafungwa wote kwa kudanganya serikali. Nipe mpaka mbalamwezi ya Januari, tarehe kumi na tatu. Nitakuja, nitaingia kwa Sista Esther, nitasema mwenyewe. Kwa Kaneza pia nitatafuta namna. Nakuomba kwa magoti, usiseme kabla yangu.

Na kaka asijue kwamba ni mimi. Amebaki na furaha hiyo moja.

Feliksi


Kasingirima
2 Januari 2025

Feliksi,

Kaka yako anajua. Barua yako aliiona nikiisoma, akanyoosha mkono, na mimi sikuweza kumnyima. Alisoma taratibu, anapumzika kila mistari miwili. Nilidhani atapiga kelele. Aligeukia ukutani siku nzima, chai hakunywa, uji hakunywa.

Jana nilimwambia tumwite Sista Esther aje nyumbani. Nilijua atakataa, lakini sababu imebadilika. Sasa anasema, "Nikienda mimi, Feliksi atafutwa kwenye faili, dawa zake zitakatwa. Mwacheni ameze. Mimi nimeshamtia kwenye shimo, siwezi kumfukia." Mmekuwa ndugu wa ajabu. Kila mmoja anamkinga mwenzake kwa kufa.

Na mimi mmeniweka katikati. Nimefika mlangoni mwa kliniki mara mbili wiki hii nikageuka. Mara ya kwanza nilisema moyoni, Feliksi amenipigia magoti. Mara ya pili nilisema, Leodgar ameniapisha. Kila nikigeuka yeye anapungua. Leo asubuhi nilimnyanyua kumbadilishia shuka na sikuhitaji msaada wa mtu. Mimi, Regina, nimembeba mume wangu kwa mkono mmoja, wa pili unavuta shuka. Unaelewa ninachokuambia?

Sikiliza vizuri. Wewe umeongezeka kilo tatu kwa jina lake. Kwenye karatasi za serikali Leodgar ananenepa. Yule nesi angejua hali yake asingelala, lakini amejua nini? Amepima makohozi yako akaona ni safi. Hakuna mtu aliyeangalia kifua cha mume wangu tangu Septemba. Hakuna hata mmoja.

Usingoje mwezi. Njoo na boti ya kwanza itakayokuja huku. Na Kaneza mwambie kabla hujapanda, ana mtoto tumboni na ana haki ya kujua anapolala ni wapi. Sista Esther alinieleza siku ile, bila kuniuliza chochote, kwamba mama akijua mapema, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Alikuwa anamwambia mke wa mtu mwingine bila kujua.

Nakupa mpaka tarehe kumi. Tarehe kumi hujaonekana, mimi nakwenda kusema, na mtaniapiza ninyi wawili mkiwa hai.

Regina


Rubengo
8 Januari 2025

Shemeji,

Barua yako nimeipata leo. Ziwa lilichafuka siku nne, Pastory alijificha na boti yake kwenye mto mpaka upepo ulipopungua. Kafika saa tano, na saa hizi anapakia kurudi, kwa hiyo naandika mbiombio.

Nimemwambia Kaneza. Nilimkuta anageuza dagaa, nikamwambia akae. Nikatoa kopo kwenye gunia nikaliweka mbele yake. Hakulia. Alisema, "Ni hili tu? Mimi nilishajua una mwanamke Kalemie." Kisha akanipiga kofi, Regina, la nguvu hasa, watu wakageuka. Kisha akaniuliza ninameza saa ngapi.

Anataka tuje wote kliniki, apime tena. Lakini amesema lazima apande kwanza kijijini akamwambie mama yake kwa mdomo wake mwenyewe, asisikie kwa watu. Atashuka Jumamosi. Jumapili tarehe kumi na mbili tunapanda boti. Ningekuja leo hii, najua. Ila nikiondoka kabla hajarudi ataamini nimekimbia, na nitakuwa nimemdanganya mara ya pili.

Ni siku nne tu kuanzia leo. Nakuomba unisogezee kutoka kumi mpaka kumi na mbili. Nataka niseme kwa mdomo wangu, nimuombe Sista radhi, nimwambie yule aliyekuwa anamwita Leodgar ni nani. Kisha tumbebe kaka wote, tumpeleke apimwe kifua na damu, yeye mwenyewe, kwa jina lake. Mwambie asiwe na hofu ya damu. Mwambie mimi ninacho na ninavuta nyavu kuliko vijana wote wa hapa. Hakuna cha kuogopa tena.

Mwambie anivumilie. Jumapili.

Feliksi


Kasingirima
10 Januari 2025

Feliksi,

Barua yako ya kuomba siku nne imenifikia leo saa nane mchana, tumetoka makaburini. Pastory alinipa akiwa hajui. Kesho anarudi huko, nataka hii uisome kabla hujapanda boti. Tulipiga simu ya mwenye dago tangu jana, haikupatikana.

Kaka yako amefariki jana, Alhamisi, saa nne asubuhi. Tumemzika bila wewe.

Sikungoja tarehe kumi. Jumatatu alishindwa kumeza maji, nikatoka nimejifunga khanga moja nikakimbia mpaka kliniki, nikasema kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni, mbele ya wagonjwa, sikujali. Sista Esther hakuita polisi. Hakufoka. Alikaa kwanza, akashika kichwa. Kisha akachukua begi lake tukaja nyumbani kwa miguu.

Alimuuliza Leodgar kama yuko tayari kupima. Akaitikia kwa macho. Akamtoboa kidole pale pale kitandani, mimi nimeshika taa ya simu. Tukangoja.

Hana, Feliksi. Kaka yako hakuwa na virusi. Hakuwa navyo Kirando, hakuwa navyo siku ile ukutani, hajawahi kuwa navyo maisha yake. Alikimbia kitu ambacho hakikuwa chake, akakutuma wewe ukakikute chako.

Unadhani alifurahi? Alifunga macho. Akasema, nikaweka sikio mdomoni mwake nisikie, "Basi ingekuwa mimi nimeingia, mdogo wangu asingejua." Akarudia tena. Sikujua kama anajilaumu au anashukuru, na sijui hata sasa. Ulikuwa unamaliza siku zako kule dagoni hujui kitu, na uoga wa kaka yako ndio uliokuweka kwenye dawa. Huruma yako ndiyo iliyomwacha yeye bila daktari. Nimeliwaza hili tangu jana, nimelizungusha kila upande, na kila upande linaniumiza.

Sista alichukua makohozi yake, safari hii yake kweli, akayapeleka hospitali kwenye mashine. Majibu yalikuja jana saa tisa, maiti iko ndani. Kifua kikuu chake ni kile sugu, kinachokataa zile dawa nilizokuwa namsimamia kila asubuhi. Miezi minne nimempa vidonge ambavyo ugonjwa wake hauvisikii, na nikamlazimisha afungue mdomo. Dawa nyingine zipo. Sista alilia aliponiambia hilo. Alisema Novemba wangepima makohozi yake mwenyewe wangejua, na Novemba alikuwa na nguvu za kuzistahimili. Novemba yule alikuwa bado ananyoa ndevu.

Mimi na watoto tumepimwa kifua leo hii kabla ya mazishi. Tunangoja majibu.

Nilikupa siku, na siku zile hazikuwa zangu wala zako, zilikuwa zake. Hilo nitakufa nalo. Sikuandikii ili nikusamehe. Nakuchukia, Feliksi, kwa yale makohozi kuliko kwa ile damu. Ungekuwa mbele yangu sijui ningekufanya nini.

Lakini utakuja. Utakuja Jumapili na Kaneza, na hutapita kwangu kwanza wala makaburini. Utakwenda kliniki. Sista Esther amekufungulia faili jipya, juu yake ameandika jina lako wewe. Amesema hakuna wa kukufunga na hakuna wa kukukatia dawa, hata siku moja hapakuwa na wa kukukatia. Atampima Kaneza, atamtunza yeye na mtoto mpaka azae. Ukitoka hapo ndipo uje nikuonyeshe kaka yako alipo.

Na hilo kopo usiliruke hata siku moja, iwe mbalamwezi, iwe giza, iwe una msiba. Nimezika mmoja. Ukifa na wewe, mimi nitabaki na nani wa kumlaumu?

Regina, mke wa Leodgar